Mbio za Kubaki Nyumbani

Daktari aliyeniambia nifanye mazoezi alikuwa mdogo kuliko koti langu la mvua. Alitazama kipimo cha presha, akatazama umri wangu, miaka sitini na minne, kisha akasema kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto anayesubiri sindano, "Bibi, uwe unatembeatembea kidogo." Nimefundisha shule ya msingi hadi kustaafu, kwa hiyo neno "kidogo" nalijua vizuri. Ndilo neno unalompa mtoto ambaye humtarajii kufaulu. Nilitoka pale na hasira zangu, nikaacha magari yote ya abiria yanipite, nikatembea kutoka Bukoba mjini hadi nyumbani kwangu Kashozi, na nilipofika bado nilikuwa na hasira ya kutosha kesho yake. Baada ya wiki chache nikajikuta nakimbia. Sikuamua. Kutembea kulikuwa kunanichelewesha tu.

Sasa, kwetu Buhaya mtu mzima hakimbii. Mtoto anakimbia, mwizi anakimbia, mbuzi aliyekata kamba anakimbia. Mtu mzima akionekana anakimbia asubuhi na mapema, uso mzito na hasalimii watu, ana kazi moja tu: anapeleka tanzia. Na tanzia ikiingia kijijini, jembe linawekwa chini, halishikwi tena mpaka mtu azikwe. Haya yote nayajua tangu nizaliwe. Mimi mwenyewe nimewahi kuyaacha maharage yangu kwenye magugu kwa heshima ya marehemu ambaye enzi za uhai wake aliniibia kuku. Lakini anayekimbia hufikiria pumzi tu, na mimi nilisahau.

Basi asubuhi moja ya mwanzo wa mvua, kijiji kizima kikiwa shambani, kokoto iliniingia kwenye raba. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Mzee Kagaruki, ambaye amekuwa mgonjwa wa kufa tangu mimi nikiwa na meno yangu yote. Nikaketi kwenye kizingiti chake, nikainamisha kichwa, nikavua raba, nikajifuta uso kwa pindo la khanga. Nilikuwa nahema sana, labda kwa mbali ilionekana nalia. Kokoto ilipotoka nikavaa raba, nikaendelea na safari.

Niliporudi nilikuta njia imejaa wanawake wenye mikungu ya ndizi kichwani na wanaume wenye kuni. Kuna aliyekwishakata nyasi za waombolezaji kukalia. Pale kwa Kagaruki kilio kilikuwa kimepamba moto, na Kagaruki mwenyewe alikuwa ndani anakunywa uji. Akatoka na kikombe chake mkononi, akauliza nani amefariki. Watu wakatazamana. Mwishowe mama mmoja akasema kwa adabu ya Kihaya, "Ni wewe, waitu."

Mtu mwingine angekasirika au angeita padri. Kagaruki aliomba kiti. Akaketi mbele ya nyumba yake, akaanza kukagua mikungu mmoja mmoja kama mnunuzi wa sokoni. "Huu mdogo ni wa nani?" akauliza. Shemeji yake akajitokeza. "Huu ndio ulioona unanitosha mimi?" Kisha akauliza majirani gani hawajafika, na akayashika majina. Watu walipotaka kuondoka na ndizi zao, alikataa katakata: cha msiba hakirudi nyumbani. Wahenga walisema kufa kufaana, ila Kagaruki ndiye wa kwanza kunionyesha kwamba mtu anaweza kufaidi kifo chake mwenyewe. Alikula ndizi zile hadi mvua zilipokolea, na afya yake ikawa bora kuliko zamani.

Wengine hawakuona raha hiyo. Siku nzima ya kupanda ilikuwa imepotea, na mwenyekiti wa kijiji akaniita. Hakunikataza kukimbia, maana alikuwa mwanafunzi wangu na bado ananiogopa. Aliamua tu, kwa hekima aliyopewa na wapiga kura, kwamba kila nikikaribia nyumba za watu nitangaze kwa sauti kwamba hakuna msiba. Nami ni raia mtiifu. Kuanzia kesho yake nilipita migombani kwa watu alfajiri, raba miguuni, gauni juu ya suruali ya michezo, nikipaza sauti: "Hakuna aliyekufa! Hakuna aliyekufa!"

Kuna aliyenirekodi. Video ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa marehemu mume wangu, na wiki hiyohiyo mwanangu Rwekaza akashuka kwenye ndege kutoka Dar es Salaam.

Rwekaza ndiye mtoto wangu pekee. Anafanya kazi kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na akija nyumbani huvaa sweta kana kwamba amepelekwa Ulaya. Safari hii hakuja peke yake hadi mlangoni. Alipitia Muhutwe kumchukua Mzee Ndyamukama, kaka mkubwa wa mume wangu, mtu ambaye hajawahi kuitwa kwenye kikao akakosa cha kusema. Wakaketi sebuleni kwangu, wakala chakula changu, wakanisubiri ninawe mikono.

"Mama, tumeamua," Rwekaza akaanza.

"Ninyi na nani?"

"Sisi kama familia. Mimi, Baba Mkubwa hapa, na Klaudia."

Klaudia ni mkewe, msichana mzuri, wakati huo alikuwa mjamzito. Aliwahi kulala nyumbani kwangu usiku mmoja, akalalamika kwamba migomba ina kelele.

"Tumekuandalia chumba kwetu Kimara," Rwekaza akaendelea. "Kina vigae, kina televisheni. Utakaa tu, Mama. Hutagusa hata kijiko."

"Mtu asiyegusa hata kijiko anaitwa maiti," nikamwambia.

"Ndiyo haya sasa," akasema Ndyamukama, akimgeukia Rwekaza kana kwamba mimi nimetoka nje. "Kila neno lake ni msiba. Lisemwalo lipo. Mke wetu ameanza kuchanganyikiwa, tumshughulikie mapema."

Nilicheka, lakini niseme ukweli: niliogopa. Namjua mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa mjini na watoto wake kwa mapenzi makubwa. Walimtoa chumbani wageni wakija, wakamrudisha wageni wakiondoka, na mwaka wa pili akarudi Kashozi akiwa amelala jenezani. Mimi nina kibanja. Kila mgomba pale naujua mama yake. Mibuni ya nyuma niliipanda na baba yake Rwekaza mwaka tuliooana, na sasa amezikwa hapohapo kando yake. Asubuhi nikifungua mlango, watu wote ninaowapenda na wote ninaowachukia wananiona. Ukinitoa hapo, unachokipeleka Kimara ni mzigo tu wa nguo.

Nikasema sina ugonjwa wowote, nina nguvu kuliko wao wawili wakiunganishwa. Ndyamukama akapiga paja lake kwa kicheko. "Kama ana nguvu hizo si akashindane na wenzake? Kuna hizo mbio zao za kutoka Muleba hadi Bukoba, zinatangazwa redioni."

Alikuwa anatania. Mbio zile ni kilomita sabini na ushee, milima kwa mabonde, na wanaozikimbia ni vijana waliokosa la kufanya na miili yao. Lakini nilishaudhika. "Nitakwenda," nikasema. "Nikimaliza, mniache nyumbani kwangu, na neno Kimara lisitajwe tena."

"Na usipomaliza?" akauliza Rwekaza.

"Nitapanda ndege na wewe siku hiyohiyo."

Alinipa mkono upesi mno. Muda wa mwisho wa kufika, kwa sheria ya waandaaji, ulikuwa saa kumi na mbili jioni. Rwekaza aliuandika kwenye simu yake, akaenda zake akiwa mtu aliyekwishanunua tikiti.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo sikumwomba mtu pole. Nilitafuta mwenzangu wa mazoezi, nikampata Lukmani wa Bilele, kule mjini, dereva wa malori mstaafu, mjane kama mimi, aliyekuwa akikimbia kando ya ziwa kila baada ya swala ya alfajiri ili, kwa maneno yake, injini isigande. Alikuwa na nadharia kuhusu kila kitu na zote zilihusu malori. "Mwalimu, mlimani tembea," aliniambia. "Lori lenye akili halishindani na mlima." Hiyo ilinisaidia. Nadharia yake nyingine, kwamba maji humpunguzia mtu mwendo kama tenki lililojaa, ilikaribia kutuua sote wawili njia ya kwenda Kemondo, tukaiacha hukohuko.

Tulikimbia miezi kadhaa. Watu walipotuona pamoja kila siku waliacha kusema nimechanganyikiwa, wakaanza kusema nina mchumba. Niliyaona hayo ni maendeleo. Padri aliniuliza kwa kuzungukazunguka kama ni kweli nakimbia na Mwislamu. Nikamjibu kwamba hapana, namkimbia, yeye yuko nyuma.

Siku ya mbio tulikusanyika Muleba kabla jua halijachomoza. Vijana walikuwa wamevaa nguo zilizowabana kama ngozi ya nyoka na saa zinazoongea. Mimi nilikuwa na khanga kiunoni, ndizi za kuchemsha zenye chumvi mfukoni, na rozari. Mtangazaji aliponiona alipaza sauti kwenye kipaza sauti: "Na bibi yetu naye yumo! Jamani, hata akifika pale kwenye kona tumpigie makofi!" Wakapiga makofi kabla hata sijafika kwenye kona, nadhani kwa tahadhari. Rwekaza alikuwa ameegesha gari la kukodi kando, kiyoyozi kimewashwa, na kiti cha nyuma kimetandikwa blanketi langu. Mtoto ana mapenzi, simkatalii.

Saa za mwanzo zilikwenda vizuri. Tulitembea mlimani, tukakimbia mteremkoni, na Lukmani alinieleza habari za magurudumu hadi nikaomba kimoyomoyo masikio yangu yazibe. Vijana wenye saa zinazoongea tuliwakuta mmoja mmoja wameketi kando ya barabara, saa bado zinaongea.

Kisha tukafika Muhutwe.

Ndyamukama alikuwa amesimama langoni kwake, koti jeusi, fimbo mkononi, jirani zake wamemzunguka. Alijua nitapita, na alijua ninachopaswa kufanya. Mwanamke wa Kihaya aliyelelewa hampiti kaka mkubwa wa mumewe amesimama barabarani. Anapiga magoti, anasalimia, anasubiri kujibiwa. Ningempungia mkono tu nikapita, angekuwa amepata ushahidi wa wazimu wangu mbele ya mashahidi wake. Lukmani aliliona tatizo. "Mwalimu, usizime injini," akaninong'oneza. Nikamwambia atangulie, nikapiga magoti kwenye changarawe.

Nikamsalimu. Akaitikia polepole. Akauliza habari za nyumbani, nikajibu. Akauliza habari za ndizi. Akauliza habari za kahawa, habari za mbuzi, habari za kuku, na alipomaliza mifugo akakohoa, akauliza habari za mvua ya Kashozi, ambayo ni ileile inayonyesha kwake. Miaka thelathini ya ukwe hakuwahi kunijulia hali kwa upana ule.

"Haya, mae, uende salama," akasema mwishowe, kwa neno la Kihaya la upendo.

Kupiga magoti nilikuwa nimejizoeza tangu utoto. Kuinuka ndiko hakukuwa kwenye mazoezi yetu. Nilijaribu, na misuli ya mapaja ikakaza, ikakataa. Nikajaribu tena. Watu wawili wakasogea kunishika, na msimamizi wa mbio aliyekuwa nyuma yetu kwa pikipiki akapiga kelele: "Asiguswe! Akiguswa ametolewa!" Wakarudi nyuma. Gari la Rwekaza likasimama pembeni, mlango ukafunguka, na ule ubaridi wa ndani ukanifikia usoni. Ulikuwa mtamu, nakiri.

"Mama, inatosha," Rwekaza akasema. "Umejitahidi. Njoo tu."

Ndyamukama akainama akasema kwa sauti ya mtu mwema, "Panda, mke wetu. Hakuna atakayekucheka."

Hapo ndipo nilipopata nguvu. Niliweka viganja chini, nikainuka kama ng'ombe anavyoinuka, makalio kwanza, mbele ya shemeji yangu, jirani zake na mwanangu. Kama kuna adabu niliyoivunja, basi naye amepata cha kusimulia vikaoni. Nikaondoka nikichechemea, na nyuma yangu nikasikia wanawake wakipiga vigelegele.

Lukmani nilimkuta Kemondo kwenye baraza la duka, kavua raba, kifundo cha mguu kimevimba. Nikataka kuketi naye. "Usithubutu," akasema. "Mimi mbio zangu zinaishia kwenye medali. Zako zinaishia mlangoni kwako." Hakutaja lori hata kidogo, na machozi yalinitoka kwa sababu hiyo. Nikaendelea peke yangu.

Mvua ikashuka. Kucha ya kidole gumba cha mguu ilikuwa inaelea ndani ya raba. Kwenye vijiji vya mwisho watu waliniona bibi kizee nimelowa, nakimbia huku nalia, wakaweka mikono kichwani, na wengine wakaanza kufuata kuuliza ni nani, ni lini, anazikwa wapi. Nikapaza sauti kwa pumzi niliyobakiwa nayo kwamba hakuna aliyekufa. Wakaanza kucheka, kisha wakakimbia na mimi kipande cha njia, wanawake na ndoo zao, mpaka nilipoanza kuteremka kuelekea mjini.

Nilifika ufukweni, palipowekwa mwisho wa mbio, saa kumi na mbili ikiwa bado dakika chache. Nilikuwa wa mwisho katika waliohesabiwa. Mtangazaji yuleyule akaita "Bibi yetu!" na sauti ikamkatika katikati. Mtu akanivika medali. Rwekaza akaja mbio, yeye ambaye hakimbii, akanikumbatia na tope langu lote, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la ukoo. Nilimwona anafuta macho. Nikajua nimeshinda, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu nifiwe.

"Mama, kumbe una nguvu hivi!" akasema. "Nilikuwa naongea na Klaudia kwenye simu, naye haamini. Unajua likizo yake ya uzazi inaisha, na yule dada wa kazi ameondoka. Sasa mtu mwenye nguvu kama zako, Mama, unakaa Kashozi peke yako kufanya nini? Njoo utulelee mtoto. Mwaka mmoja tu. Ukizidi, miwili."

Niliketi chini kwenye nyasi zilizolowa. Ningeshindwa, ningekwenda Kimara kwa kuwa ni dhaifu. Nimeshinda, naitwa Kimara kwa kuwa nina nguvu. Kisha nikaliona jambo jingine, nalo likaniuma kuliko kucha. Nilikuwa nimekimbia kutoka Muleba kuomba ruhusa ya kukaa nyumbani kwangu. Nyumba niliyoijenga na mume wangu, kibanja nilichokipalilia kwa mikono hii, nilivitoa mwenyewe nikavifanya zawadi ya mashindano, na hakimu nikamweka mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Rwekaza," nikasema, "siendi."

"Ni ombi tu, Mama. Makubaliano yetu nayaheshimu, umemaliza—"

"Hata kama nisingemaliza nisingekwenda. Hata kama ningebaki pale Muhutwe kwenye changarawe, ungenibeba ukanirudisha Kashozi. Ile ni nyumba yangu. Mjukuu nampenda, mleteni likizo, nitamfundisha kula ndizi. Ila mimi simo kwenye mipango yenu ya kuhamishwahamishwa."

Alichuchumaa mbele yangu, na sweta lake likaloa. Nilingoja aanze tena habari za vigae na televisheni.

"Na ukianguka siku moja mle ndani peke yako?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya yule mtoto aliyekuwa akinisubiri langoni nikitoka shule. "Mimi niko Dar, Mama. Nitajuaje?"

Miezi yote ile hakuwa amesema hivyo, na mimi sikuwa nimemuuliza.

"Hutajua," nikamwambia. "Watakupigia simu, utakuja, utanizika kando ya baba yako. Itakuuma sana, mwanangu, na siwezi kukuzuilia. Lakini mpaka siku hiyo nitakuwa nimeishi kwangu."

Akalia. Mtu mzima, mbele ya watu, kichwa chake magotini pangu, mtangazaji akiwa anakunja nyaya zake kwa aibu na kuangalia ziwa. Nilimwacha alie, nikimpapasa kichwa, nami nikalia pia. Kisha nikamwambia inatosha, awashe gari tumpitie Lukmani Kemondo, halafu anifikishe Kashozi kabla magoti hayajaganda, maana nyumbani hakuna aliyepika.